Chuo Kidogo cha Lynchburg na Bei ya Kujitawala

Katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia huko Marekani, vipo vyuo viwili vilivyoasisiwa na Wabaptisti. Kimoja, Liberty, kilichoanzishwa mwaka 1971 na mchungaji Jerry Falwell, kinajulikana pande nyingi za dunia kwa wingi wa wanafunzi wake, kwa mali yake na kwa sauti yake katika siasa za nchi ile. Cha pili ni kikongwe kuliko hicho kwa miaka 85, ni kidogo, ni maskini, na hata wasomaji wa tarikh ya Afrika, ambao ingewapasa kulijua jina lake kama wanavyolijua la Makerere au la Fort Hare, aghalabu hawajapata kulisikia. Tangu mwaka 1996 kinaitwa Virginia University of Lynchburg. Bali katika siku zake za ushujaa kilijulikana kwa jina la Virginia Seminary, na ndilo nitakalolitumia hapa. Nia yangu si kusimulia tu. Nadai kwamba chuo hicho, mwishoni mwa karne ya 19, kilifanya uamuzi mmoja uliokigharimu raha na usalama wake, kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki, tulio na vyuo vidogo vingi vya makanisa, vya misikiti na vya jumuiya za wananchi, tunapaswa kuutazama kwa makini kila tunapoletewa mkataba wa msaada ili tuutie saini.

Ili mtu aufahamu uzito wa jambo lenyewe, hana budi arudi nyuma kidogo. Mwaka 1831 sheria ya Virginia iliharamisha mikusanyiko ya kuwafundisha watu Weusi kusoma na kuandika; na mwaka uliofuata, baada ya uasi wa Nat Turner, mtumwa aliyekuwa mhubiri, walikatazwa hata kuhubiri, wawe watumwa au wawe huru. Utumwa wenyewe ulikoma mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Kwa hiyo wajumbe wa makanisa ya Wabaptisti Weusi wa Virginia walipokutana mwaka 1886, katika mkutano wao wa 19 wa kila mwaka, wakaazimia kuwa na chuo chao wenyewe, yeyote miongoni mwao aliyepita umri wa miaka 21 alikuwa amezaliwa zama za utumwa, na wazee wao walikuwa wamejifunza herufi kwa kificho au walizijifunza ukubwani, macho yakiwa yameanza kuchoka.

Watu wa hali hiyo waliwezaje kuthubutu jambo kubwa namna ile? Sehemu ya jibu imo katika desturi ya Wabaptisti yenyewe. Wao hawana askofu wala baraza la juu lenye amri ya kulifunga kanisa la chini. Kila ushirika hujitawala, humwita mchungaji wake, humlipa, na ukiona vema humwondoa. Na makanisa yanapoungana katika mkutano wa jimbo, huungana kwa hiari, kila moja likileta mjumbe wake na mchango wake. Ni mpango wenye ugomvi mwingi, na Wabaptisti wenyewe watakuwa wa kwanza kukiri hivyo, lakini uliwapa waliokuwa watumwa shule ya utawala ambayo serikali ya Virginia isingewapa hata kidogo: walijifunza kuendesha kikao, kuweka hesabu, kupiga kura, kushindwa katika kura na kurudi tena mwaka wa pili. Hati ya serikali ya kukitambua chuo ilipatikana mwaka 1888, na mwaka 1890 masomo yakaanza kwa wanafunzi 33, chini ya mkuu wa kwanza, mchungaji Phillip Morris. Lynchburg ulikuwa mji wa tumbaku, na fedha zilizokisimamisha chuo hicho zilikuwa kwa sehemu kubwa sadaka za Jumapili za wavuja jasho: wachambuzi wa majani viwandani, wakulima wadogo, wafuaji wa nguo za watu, waliotoa walichokuwa nacho kwa ajili ya elimu ambayo wengi wao hawakutazamia kuipata wenyewe.

Mwaka 1891 ukuu wa chuo ulishikwa na Gregory Willis Hayes, na tangu hapo haiwezekani kuitenga historia ya chuo na tabia ya mtu huyu. Hayes alizaliwa mwaka 1862 na wazazi watumwa, katika wilaya ya Amelia, vita vikiwa bado vinaendelea. Akasoma Oberlin, katika jimbo la Ohio, chuo kilichokuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa Marekani kuwapokea Weusi na wanawake. Kisha akafundisha hisabati mjini Petersburg kabla ya kuitwa Lynchburg. Itikadi yake ilikuwa moja, na hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1906: kwamba Mtu Mweusi anastahiki elimu kamili, ile ile anayosomeshwa Mzungu, lugha za kale, falsafa, hesabu za juu na theolojia, na kwamba elimu hiyo haitakuwa yake kwa hakika mpaka awe ameilipia na kuisimamia mwenyewe. Wengi wa zama zake walikubali nusu ya kwanza ya itikadi hiyo, na wengine walikubali nusu ya pili. Wachache mno walikuwa tayari kuzibeba zote mbili kwa pamoja, madhali kuzibeba zote mbili kulikuwa ni kuikumbatia njaa.

Mushkili ulizuka kwa sababu ya fedha. Katika majimbo ya Kusini sehemu kubwa ya gharama za vyuo vya Wabaptisti Weusi ilitolewa na American Baptist Home Mission Society, jumuiya ya Wazungu wa Kaskazini yenye makao yake New York. Haitakuwa insafu kuinyima shukrani jumuiya hiyo. Tangu siku za mwanzo za uhuru ilipeleka walimu mahali ambapo mwalimu wa Weusi alitemewa mate njiani, ikanunua viwanja, ikajenga madarasa. Lakini mwenye kutoa fedha nyingi alitaka pia kuamua mengi: nani awe mkuu, nani afundishe, kipi kifundishwe wapi. Mwaka 1899 vyuo viwili vilivyokuwa chini ya jumuiya hiyo, Wayland cha Washington na Richmond Theological Seminary, viliunganishwa kuwa Virginia Union University mjini Richmond. Na katika mpango huo mpya chuo cha Lynchburg kilitakiwa kikubali daraja la chini, kiwe shule ya kuwaandaa vijana ambao wakiiva watapelekwa Richmond kupata masomo ya juu. Kwa macho ya mhasibu mpango ulikuwa mzuri. Chuo kimoja chenye nguvu ni rahisi kukitunza kuliko viwili dhaifu, na Lynchburg ingepata auni ya kila mwaka badala ya kuhangaika na madeni.

Hayes na waliokuwa upande wake wakakataa. Mkutano wa jimbo ulipasuka mwaka huohuo wa 1899, wale waliotaka kushirikiana na jumuiya ya New York wakatoka na kuunda umoja wao, na wale waliobaki na Hayes wakabaki na chuo, na madeni, na kiburi chao kitukufu. Mwaka 1900 wakabadili jina rasmi likawa Virginia Theological Seminary and College, ili pasiwe na shaka yoyote kwamba masomo ya daraja la juu yatafundishwa hapohapo Lynchburg, kwenye kilima cha chuo, tena na walimu waliochaguliwa na Weusi wenyewe.

Nataka niwe mwadilifu kwa waliokwenda upande wa pili, kwa maana ni desturi mbaya ya waandishi kuwafanya wasaliti watu wote walioshindana na shujaa wao. Waliotaka ushirikiano walikuwa nao wachungaji wa watu maskini. Waliona watoto wanakua, waliona miaka inakwenda, wakahesabu kwamba mkate ulio mezani leo, ingawa umekatwa na mkono wa mwingine, humshibisha mtoto kuliko mkate unaoahidiwa kesho. Nayo Virginia Union waliyoichagua si chuo cha kubezwa: Douglas Wilder, Mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa gavana wa jimbo lolote la Marekani, alisoma pale. Kama kipimo ni idadi ya wahitimu na uimara wa majengo, basi waliokwenda Richmond ndio walioshinda, na mjadala umekwisha.

Lakini kipimo hicho hakitoshi, na sisi wa pande hizi tunayo sababu ya kukitilia shaka, kwa kuwa mabishano yale ya Virginia yalivuka bahari yakatufikia. Siku hizo Marekani nzima ilikuwa ikijadili kama Mtu Mweusi afundishwe kazi za mikono kwanza, kama alivyohimiza Booker T. Washington wa Tuskegee, au apewe elimu ya juu bila masharti. Wafadhili wengi walipenda njia ya kwanza. Mwaka 1917 ilichapishwa ripoti kubwa iliyosimamiwa na Thomas Jesse Jones, ikavipima vyuo vya Weusi kimoja kimoja, na vingi ikaviona havistahiki kujiita vyuo. Jones huyohuyo, miaka saba baadaye, aliongoza Tume ya Phelps-Stokes iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, akiwa pamoja na Dakta James Aggrey, wakapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Na ushauri wao kwamba Mwafrika afundishwe elimu inayolingana na mazingira yake ya kijijini ukawa kama msahafu kwa serikali za kikoloni. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete, Kenya, mwaka 1925 ilikuwa tunda lake mojawapo. Babu zetu walioambiwa kwamba kilimo na useremala vinawatosha, ilhali wao wanataka watoto wao wawe madaktari na mawakili, walikuwa wakiambiwa maneno ambayo Hayes alikuwa amekwisha kuyasikia na kuyakataa robo karne kabla yao.

Waama Afrika ilikuwa imekwisha kufika Lynchburg kabla hata tume hiyo haijafikiriwa. Mwaka 1897 mmisionari Mwingereza Joseph Booth, mtu aliyegombana na karibu kila misheni aliyoitumikia kwa sababu aliamini kwa dhati kuwa Afrika ni ya Waafrika, alivuka bahari kwenda Marekani pamoja na kijana wa Nyasaland aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwake na mkalimani wake, John Chilembwe. Huko wakatengana. Chilembwe akapokewa na National Baptist Convention, umoja wa Wabaptisti Weusi wa nchi nzima ulioundwa mwaka 1895, akapelekwa kusoma kwa Hayes. Na mwaka 1899 akawekewa mikono ya uchungaji mjini Lynchburg. Msomaji autazame tena mwaka huo. Ni mwaka uleule wa mfarakano, mwaka ambao katika kila ukumbi na kila meza ya chakula ya chuo kile hapakuwa na mazungumzo makubwa kuliko haya: je, watu waliokuwa watumwa wanaweza kuendesha taasisi yao bila mwangalizi? Wanafunzi wa theolojia husahau mapema mengi ya wanayofundishwa darasani. Sidhani kama kuna aliyekuwapo pale mwaka ule akasahau jibu alilolitoa mkuu wa chuo.

Chilembwe alirudi kwao mwaka 1900 akalitoa jibu lilelile kwa vitendo. Pale Chiradzulu, kusini mwa nchi ambayo leo ni Malawi, alinunua ekari 93 akaanzisha Providence Industrial Mission, kwa fedha za Wabaptisti Weusi wa Marekani na za waumini wake. Wamarekani Weusi wawili, mchungaji Landon Cheek na Bibi Emma DeLany, walikuja kumsaidia, na baada ya wao kuondoka akaendelea mwenyewe na walimu aliowalea. Alijenga shule, alifundisha kushona na kulima mazao ya biashara pamoja na kusoma, kwani hakuidharau kazi ya mikono. Alichokataa ni kwamba iwe ndiyo dari ya juu ya Mwafrika. Kanisa lake la matofali lilikamilika mwaka 1913. Picha iliyopigwa mbele ya kanisa hilo, mwaka 1914, inamwonyesha Chilembwe amesimama pamoja na mmisionari Mwingereza, John Chorley, na Chilembwe amevaa kofia kichwani. Leo mtu ataitazama asione kitu. Katika Nyasaland ya siku zile Mwafrika alitakiwa kuvua kofia mbele ya Mzungu yeyote, na kutovua kwake kulikuwa ni kusema hadharani jambo ambalo watu walichapwa kwa kulinong'ona. Mchongaji wa Kimalawi, Samson Kambalu, aliigeuza picha hiyo kuwa sanamu iliyosimamishwa mwaka 2022 katika uwanja wa Trafalgar, London, akamfanya Chilembwe mkubwa sana kuliko mwenzake.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Katika mashamba ya Magomero, yaliyokuwa ya kampuni ya A. L. Bruce, wapangaji walilazimishwa kulipa kodi ya ardhi kwa kazi, utaratibu ulioitwa thangata, na meneja wake William Jervis Livingstone alivunja nyumba za sala na shule ambazo watu wa Chilembwe walizijenga ndani ya ardhi hiyo. Vita Vikuu vilipozuka, majeshi ya Wajerumani yaliyotoka upande huu wetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, yalipigana na ya Waingereza pale Karonga tarehe 9 Septemba 1914, na Waafrika wakafa pande zote mbili. Mwezi Novemba Chilembwe aliliandikia gazeti la Nyasaland Times barua ya kuuliza kwa nini Mwafrika amwage damu yake katika vita ambavyo faida yake haitamfikia. Barua ikazuiwa na wakaguzi. Tarehe 23 Januari 1915 akainuka kwa silaha. Livingstone aliuawa pamoja na Wazungu wengine wawili, uasi ukazimwa kwa siku chache, Chilembwe akapigwa risasi tarehe 3 Februari, na kanisa lake likalipuliwa kwa baruti. Mimi siwezi kuyasifu mauaji, ya Livingstone wala ya wale walionyongwa baada yake. Ila nakumbuka kwamba hata tume ya serikali yenyewe iliyochunguza uasi huo, pamoja na kuyalaumu mafundisho ya misheni ya Chilembwe, ilikiri kuwa hali ya Magomero ilikuwa ya dhuluma.

Misheni ilifunguliwa tena mwaka 1926 na Daktari Daniel Malekebu, aliyekuwa mtoto wa shule pale Chiradzulu kabla ya kwenda Marekani kusomea udaktari. Leo Malawi huadhimisha Siku ya Chilembwe kila tarehe 15 Januari, na sura yake imechapwa katika noti za nchi. Ukiuliza mchungaji huyu alisoma wapi, jibu litakurudisha kwenye kile chuo cha kilimani chenye madeni.

Wala hakuwa yeye peke yake. Mwaka 1893 aliingia chuoni hapo binti wa miaka 11, Annie Bannister, aliyekuwa na masomo machache sana nyuma yake. Mwaka 1899 akahitimu, tena kwa heshima ya kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake wote. Dunia ya fasihi inamjua kwa jina la ndoa, Anne Spencer, mmoja wa washairi wa ile zama ya mwamko wa Weusi uliopewa jina la mtaa wa Harlem. Yeye hakuhamia Harlem. Aliishi Lynchburg hadi kufa kwake mwaka 1975, akawa mkutubi wa shule ya sekondari ya Weusi, akalima bustani ya maua nyuma ya nyumba yake katika mtaa wa Pierce, na kwa kuwa hoteli za mji hazikuwapokea watu wa rangi yake, nyumba hiyo ikawalaza W. E. B. Du Bois, Langston Hughes, George Washington Carver na wengine wa daraja lao. Na kutoka chuo hichohicho alitoka Vernon Johns, mwana wa mkulima wa wilaya ya Prince Edward, aliyerudi kuwa mkuu wake mwaka 1929, katika miaka mibaya ya mdororo wa uchumi, kisha akawa mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery, akawakaripia waumini wake kwa unyonge wao mpaka wakachoka naye. Aliyechukua nafasi yake mwaka 1954 alikuwa kijana aliyeitwa Martin Luther King. Mpwa wa Johns, Barbara Johns, akiwa na miaka 16 tu, aliongoza mgomo wa wanafunzi wa shule ya Moton mwaka 1951, na kesi iliyotokana na mgomo huo ikawa mojawapo ya zile zilizounganishwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyobatilisha ubaguzi katika shule za Marekani.

Mshairi, mchungaji mwasi, mhubiri mkali. Sisemi kwamba chuo kiliwaumba. Watu wa namna hiyo huja duniani na moto wao. Nasema tu kwamba si jambo la bahati kuwa mahali palipowapokea palikuwa pa watu wasiomwogopa mfadhili. Mwalimu ambaye kazi yake inategemea radhi ya mtu aliye mbali hufundisha kwa tahadhari, na tahadhari hiyo huambukiza darasa zima bila neno kutamkwa.

Bei yake ilikuwa kubwa na ilianza kulipwa mapema. Hayes alikufa akiwa mtu wa miaka arobaini na kitu, na mjane wake, Mary Rice Hayes, ndiye aliyekishika chuo kwa muda baada yake. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa na mama Mweusi na baba aliyekuwa jenerali katika jeshi lililopigania utumwa. Jengo la kwanza lililopewa jina la Hayes limekwisha kubomolewa. Lipo bado Humbles Hall, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kupewa jina la Adolphus Humbles, mfanyabiashara Mweusi wa pande hizo aliyekifadhili chuo. Wanafunzi ni wachache, na kizazi baada ya kizazi viongozi wake wamekuwa wakibisha hodi makanisani na sahani ya sadaka. Anayetaka kuniambia kuwa uhuru wa namna hii si raha, sitabishana naye. Lakini kipo, na kimevuka miaka 130 kikiwa hai, ilhali vyuo vingi vilivyokuwa na mali kuliko yake vimefungwa siku wafadhili wake walipopata mambo mengine ya kuwashughulisha.

Sisi tunayo mifano yetu, na inaumiza kuona jinsi tulivyoisahau. Mwaka 1939, pale Githunguri, Kenya, shule za kujitegemea za Wakikuyu zilianzisha chuo cha ualimu, chini ya Mbiyu Koinange, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Hampton, katika jimbo hilohilo la Virginia. Fedha zilikusanywa na marika, kila rika likishindana na jingine kutoa. Kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari, na mahali palipojengwa kwa senti za wazazi pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, jengo la chama lililotolewa ili masomo yasingoje majengo, na mwaka huohuo Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa. Hao waliotutangulia hawakuwa na mali kuliko sisi. Walikuwa na yakini kuliko sisi.

Siku hizi nikisoma habari za vyuo vyetu vidogo, vile vya dayosisi, vya jumuiya za Waislamu, vya Wabaptisti, naona vinapimwa kwa kitu kimoja tu: vimepata mfadhili au havijapata. Ni kipimo kibaya. Sipingi msaada, na Lynchburg yenyewe haikuupinga. Iliupokea kutoka kwa watu wengi. Ninachotaka bodi zetu zifanye kabla ya kutia saini ni kuuliza kwa sauti, mbele ya wajumbe wote, na kuandika majibu katika kumbukumbu za kikao: nani atamchagua mkuu wa chuo, nani atakayeamua masomo yepi yafundishwe hapa na yepi yapelekwe kwingine, na fedha hizi zikikoma kesho, ni mlango upi utafungwa kwanza. Ikiwa majibu yanatuacha bila chuo, ni heri tubaki na madarasa machache yaliyo yetu.

Na mzigo huu usiachiwe bodi peke yake. Makanisa na misikiti yenye vyuo iandike historia zake sasa, wazee waliotoa matofali ya kwanza wakiwa bado wanaweza kusema nani alitoa nini, na daftari za michango zilizolala makabatini zipelekwe maktaba kabla mchwa hawajazifikia. Nawe msomaji uliyesomeshwa na chuo kidogo, ambacho pengine hukitaji jina unapoulizwa ulisoma wapi, kitaje. Kisha ukipelekee mchango wako mwezi huu, hata uwe mdogo kiasi gani, na udai risiti.